Globu ya zebaki hufuata choki, haifuati maandishi yake

Globu ya zebaki ya wati 80 na ya wati 125 kwa kawaida zina kitako kile kile cha E27. Ya wati 250 na ya wati 400 zina kitako kikubwa cha E40, nazo pia zinaingia holda moja. Kwa hiyo hakuna kitu kinachomzuia mtu kukaza globu kwenye choki isiyo yake (choki ni kile chuma kizito chenye waya kinachozuia mkondo wa taa usizidi), na taa itawaka. Fundi atashuka ngazi, atalipwa, na baada ya muda mfupi mwenye godauni kule Kizota au mwenye mashine ya kusaga Kibaigwa atalalamika kwamba globu za siku hizi ni feki. Mara nyingi globu haina kosa lolote. Imefungwa kwenye choki isiyo yake.

Maswali yanayokuja ni yale yale. Globu ya 125 itakubali choki ya 80? Ya 250 je, kwenye choki ya 400? Jibu ni hapana kwa yote mawili, ila uzito wa hapana hizo haulingani. Moja inaichosha globu polepole, nyingine inaweza kuipasua juu ya vichwa vya watu. Fundi anayeelewa sababu anaweza kuamua vizuri hata akikutana na choki ambayo lebo yake imeungua yote, hali ambayo ni ya kawaida kwenye taa zilizokaa juu miaka mingi.

Tuanzie ndani ya globu. Lile yai kubwa la kioo lenye unga mweupe ni ganda tu. Kazi inafanyika kwenye mrija mdogo wa kwatzi ulio katikati. Mrija huo una gesi ya agoni kidogo, tone la zebaki, elektrodi kuu moja kila mwisho, na elektrodi ndogo ya kuwashia iliyo jirani na mojawapo, ambayo imeungwa kupitia rezista. Ukiwasha swichi, umeme unaruka kwanza ile nafasi fupi kati ya elektrodi ndogo na kubwa. Agoni inachangamka, kisha umeme unapata njia ya mrija mzima. Ndiyo sababu taa ya zebaki haina stata wala ignaita, yaani kifaa cha kurusha mapigo ya volti za kuwashia. Volti 230 za kwenye laini zinatosha kuianzisha.

Mwanzoni zebaki bado ni tone. Mrija unachukua takribani volti 20 tu na mkondo uko juu, kama mara moja na nusu ya ule wa kawaida. Zebaki inavyogeuka mvuke presha inapanda, volti za mrija zinapanda, mkondo unateremka. Baada ya dakika 4 au 5 globu inatulia.

Umeme ukishaanza kupita kwenye mvuke, mvuke hauna breki. Mkondo ukiongezeka, ukinzani wa mrija unapungua, nao mkondo unaongezeka tena, mpaka kitu kikatike. Choki, au balasti kama ilivyoandikwa kwenye lebo, ndiyo breki yenyewe. Ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma chenye pengo dogo, nao huruhusu mkondo wa kiasi fulani tu upite.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalizingatii. Zebaki iliyowekwa ndani ya mrija imepimwa ili yote igeuke mvuke globu ikishapata moto. Tone likiisha, joto likizidi halileti tena mvuke mwingine, kwa hiyo volti za mrija hubaki karibu pale pale hata mkondo ukiongezeka. Maana yake ni kwamba wati ambazo globu inakula zinafuata mkondo moja kwa moja, na mkondo unapangwa na choki. Namba iliyochapwa kwenye globu inaeleza inachoweza kuvumilia. Inachokula kweli kinaamuliwa na kile chuma kizito kilichofungwa juu yake.

Hizi ndizo namba za laini ya volti 230, hezi 50. Tofauti ndogo zipo kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Kapasita ni kile kifaa kinachopunguza mkondo kwenye waya wa laini, tutakifikia mbele:

Wati 50: ampea 0.6, volti za globu 95, kapasita mikrofaradi 7
Wati 80: ampea 0.8, volti 115, mikrofaradi 8
Wati 125: ampea 1.15, volti 125, mikrofaradi 10
Wati 250: ampea 2.15, volti 130, mikrofaradi 18
Wati 400: ampea 3.25, volti 135, mikrofaradi 25

Ukizidisha volti kwa ampea hupati wati kamili, kwa sababu wimbi la volti za globu limepindapinda. Zidisha tena kwa 0.87 na utakaribia ukweli. Kwa ya 125: 125 × 1.15 × 0.87 inatoa 125.

Globu ndogo kwenye choki kubwa

Hili ndilo kosa baya. Weka globu ya wati 80 kwenye choki ya wati 125. Choki itapitisha ampea 1.15 na kidogo zaidi, kwa kuwa globu ya 80 inachukua volti pungufu na kuiachia choki volti nyingi zaidi. Globu iliyoundwa kwa ampea 0.8 sasa inabeba karibu 1.2, na inakula wati 115 hadi 125. Ni nusu nzima juu ya uwezo wake. Globu ya 250 kwenye choki ya 400 ni hivyo hivyo: inakula wati 370 na zaidi.

Siku ya kwanza mwenye nayo anafurahi, maana taa inang'aa kuliko zote. Ndani mambo ni mengine. Elektrodi zinapata moto kupita kiasi, dawa yao ya kutoa elektroni inachemka na kwenda kuganda kwenye kuta za mrija, na miisho inaanza kuwa myeusi. Kwatzi inalainika na mrija unaweza kuvimba. Pale waya unapoingia kwenye kwatzi kuna utepe mwembamba sana wa molibdeni uliobanwa ndani ya kioo, na utepe huo ukizidi joto la kama nyuzi 350 unaanza kuliwa na oksijeni. Ukiliwa, mrija unavuja au waya unakatika. Kama presha ya zebaki ingali juu, mrija unaweza kupasuka kwa nguvu ya kutosha kuvunja na ganda la nje.

Holda nayo inaumia. Joto la ziada linashuka kwenye kitako, chemchemi ya kigusio cha katikati inalegea, kigusio kinaanza kutoa cheche, na kaure inachanika. Fundi anayekuta holda nyeusi akabadilisha holda peke yake, bila kusoma lebo ya choki, atarudi pale pale.

Globu kubwa kwenye choki ndogo

Hapa hakuna kupasuka. Globu ya wati 125 kwenye choki ya 80 inapata ampea kama 0.75 hadi 0.8, na inakula wati 80 na kitu. Ya 400 kwenye choki ya 250 inakula wati 245 hadi 260. Choki haiungui, kwa sababu mkondo unaopita ni ule ule iliyoundwa kuupitisha.

Kinachoharibika ni elektrodi. Elektrodi ya globu kubwa ni nene, na inahitaji mkondo wake kamili ili ipate moto wa kutoa elektroni kwa wepesi. Ikiwa baridi, inalazimishwa, na chembe za tangsteni zinabanduliwa kidogo kidogo na kupaka mrija weusi. Dalili ni globu kuchukua dakika nyingi kupata moto, kubaki na mwanga hafifu wenye ubluu au ukijani kwa sababu zebaki haijageuka yote, kutikisika volti zikishuka, na kuzima yenyewe kisha kujaribu tena. Umri wake unapungua hata kama inaonekana "inatunzwa".

Kwa hiyo fundi aliyebanwa, aliye Mpwapwa jioni na duka limefungwa, akilazimika kuchagua kati ya makosa mawili kwa usiku mmoja, achague hili la globu kubwa kwenye choki ndogo. Asubuhi alirekebishe. Lile la kwanza lisifanyike hata kwa usiku mmoja kama chini kuna watu au magunia ya mashudu.

Ngazi mbili za tofauti, kama ya 400 kwenye choki ya 125, hazina haja ya mjadala. Globu itawaka kama kaa la moto lililofunikwa majivu na haitafika popote.

Wati sawa, aina tofauti

Choki imeandikwa 250, globu imeandikwa 250. Je, zinafaa? Bado hujui. Angalia kama choki ni ya zebaki au ya sodiamu. Taa ya sodiamu ya wati 250 inachukua volti kama 100 tu, kwa hiyo choki yake imeundwa kupitisha ampea 3.0. Ukiweka humo globu ya zebaki ya 250, mkondo hautafika 3.0 kwa kuwa zebaki inachukua volti zaidi, ila utakaa karibu na 2.5, na globu italemewa kwa kama asilimia 15 hadi 20. Itaishi, lakini haitaishi sana.

Kubwa zaidi ni ignaita. Mfumo wa sodiamu una ignaita inayorusha mapigo ya volti elfu kadhaa mpaka taa iwake. Globu ya zebaki yenye elektrodi ya kuwashia na rezista yake haikuandaliwa kwa mapigo hayo, na umeme unaweza kuruka ndani ya shingo ya globu au kwenye kitako. Ignaita iondolewe kabisa kabla ya kufikiria kufunga zebaki.

Kinyume chake, sodiamu ya kawaida kwenye choki ya zebaki haiwaki, kwa kuwa hakuna ignaita. Zipo sodiamu maalumu zilizotengenezwa zikae kwenye choki za zebaki bila ignaita: ya wati 110 badala ya zebaki ya 125, ya 210 au 220 badala ya 250, na ya 350 badala ya 400. Namba hizo zisizo za kawaida ndizo alama yake. Mwanga wake ni wa njano na ni mwingi kuliko wa zebaki iliyotolewa. Ukikuta sodiamu iliyoandikwa 350, usidhani kibandiko kimekosewa.

Metali halaidi, aina nyingine ya taa za mvuke zenye mwanga mweupe, zinachanganya zaidi. Baadhi ya zile za wati 250 na 400 zimeundwa kwa choki ya zebaki pamoja na ignaita, nyingine kwa choki ya sodiamu. Kigezo ni ampea zilizoandikwa kwenye globu au boksi lake. Kama hakuna ampea zilizoandikwa, mimi nisingeinunua.

Kuna globu ya zebaki isiyotaka choki kabisa: ile yenye nyuzi ya tangsteni ndani ya ganda, ya wati 160, 250 au 500. Nyuzi hiyo ndiyo breki. Ya 160 inaingia E27 sawasawa na ya 80 na 125, na kwa nje zinafanana kama pacha. Ukiifunga kwenye taa yenye choki itawaka kwa unyonge au isitulie, na hakuna hatari kubwa. Hatari iko upande mwingine: mtu anatoa globu ya 160 kwenye holda ya moja kwa moja, anaweka ya 125 ya kawaida. Hakuna breki. Mkondo unapanda mpaka sakiti breka ikate au globu ipasuke, chochote kitakachotangulia. Soma maandishi kwenye shingo ya globu kila mara. Kama ni 160, ni ya moja kwa moja. Kama ni 50, 80 au 125, inataka choki.

Mizigo ya mitumba kutoka Marekani inaleta globu za wati 100 na 175. Ya 175 inataka ampea 1.5, na hapa hatuna choki ya zebaki ya kiwango hicho: ya 125 inapungua, ya 250 inazidi mno. Za 250 na 400 za Marekani zina volti na ampea karibu sawa na zetu, kwa hiyo globu zenyewe zinaweza kukubali choki zetu. Balasti zao ni habari nyingine. Zimeundwa kwa hezi 60, na kwenye hezi 50 breki inapungua kwa moja ya sita, chuma kinashiba na waya unapata moto. Nyingi pia zina kapasita iliyofungwa mfululizo na globu, ambayo ukiibadilisha thamani unabadilisha wati za globu. Hizo ziache.

Kwenye mfumo wetu kapasita haifanyi hivyo. Imefungwa sambamba na laini, kabla ya choki, na globu haiijui kabisa. Kapasita ikifa taa inawaka vilevile, ila waya wa laini unabeba zaidi. Taa ya 125 yenye kapasita nzima inavuta karibu ampea 0.67 kwenye laini, na isipokuwepo inavuta 1.15 nzima. Kwenye godauni lenye taa 20 hiyo ni tofauti ya kama ampea 10, ambayo inatosha kueleza breka inayoruka ovyo. Ukibadilisha choki kutoka 125 kwenda 250, badilisha na kapasita.

Choki isiyo na lebo

Njia salama ninayoipendekeza ni kulinganisha. Tafuta choki moja unayoijua, tuseme ya 125, na transfoma ndogo ya kushusha umeme hadi volti 24 za AC. Unga choki kwenye volti 24 ukiwa na mita ya ampea katikati, andika namba. Kisha fanya hivyo kwa choki usiyoijua. Ikipitisha theluthi mbili ya ile ya 125, ni ya 80. Karibu mara mbili, ni ya 250. Karibu mara tatu, ni ya 400. Kipimo hiki hakina moto wala mshtuko, na kinafanyika mezani. Ukipata namba isiyoingia popote, kwa mfano mara moja na robo au mara mbili na robo, fikiria kwamba ni ya sodiamu, au kwamba mizunguko kadhaa imeshikana kwa shoti ndani.

Kupima kwa omu peke yake kunadanganya. Choki ndogo ina omu nyingi kuliko kubwa, hilo ni kweli, lakini watengenezaji wanatumia waya wa unene tofauti. Kuichomeka choki tupu kwenye volti 230 ili "kuona inavuta ngapi" ni tabia ninayoomba iachwe. Mkondo unazidi ule wa kazi kwa mbali na varnishi inaanza kunuka ndani ya dakika chache.

Kuunganisha choki mbili

Jambo hili lina faida kwa aliye mbali na maduka ya mjini. Choki mbili sambamba zinajumlisha mikondo. Ya 250 na ya 125 zikiwa sambamba zinapitisha karibu ampea 3.2, na hiyo ni sawa na choki ya 400. Mbili za 125 sambamba zinakaribia ya 250, zikizidi kwa asilimia chache. Mbili za 250 mfululizo zinakaribia ya 125, zikipungua kidogo. Masharti ni mawili: choki zote ziwe za volti ile ile, na zikaguliwe kila baada ya muda, kwani katika zile za sambamba moja ikikatika nyingine inaendelea na globu inabaki na njaa bila mtu kutambua.

Globu mbili kwenye choki moja ni kitu kingine. Mafundi hujaribu kufunga globu mbili za 125 sambamba kwenye choki moja ya 250, wakijumlisha wati kichwani. Haiwezekani. Globu moja itawahi kuwaka, volti zitashuka hadi zile 20 za mwanzo, na ya pili haitapata volti za kuanzia. Ile iliyowahi itachukua mkondo wote wa ampea 2 na zaidi peke yake. Hii ni njia ya uhakika ya kupasua globu.

Volti za Dodoma na pembezoni

Choki nyingi zina vituo vitatu vya kuungia waya, vilivyoandikwa 220, 230 na 240. Pima laini kwanza, usiku, saa ambazo taa zinafanya kazi. Kanuni ya kukadiria ni kwamba volti zikipanda kwa asilimia 1, wati za globu zinapanda kwa asilimia 2. Laini ya 240 kwenye kituo cha 220 inailemea globu kwa karibu asilimia 18, hata kama choki na globu zinalingana kabisa. Walio karibu na transfoma mjini waangalie hilo.

Walio mwisho wa laini, kama vijiji vya Bahi au Chamwino, wana tatizo la kinyume. Volti zikiwa 200 muda mrefu, globu inakula robo pungufu na dalili ni zile zile za choki ndogo. Kabla ya kulaumu choki, pima. Tena, volti zikiporomoka ghafla kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hata kwa kufumba na kufumbua, globu inazima, na haiwaki mpaka ipoe kwa dakika 4 hadi 7. Mota ya mashine ya kusaga ikianza, au fundi wa kuchomelea akigusa chuma jirani, godauni zima linaingia giza. Dawa ni kuziweka taa kwenye fezi tofauti na mota, au kuwasha mota kwanza na taa baadaye. Kubadilisha choki hakutasaidia kitu.

Halafu kuna joto. Choki huandikwa tw 130, yaani waya wake unavumilia nyuzi 130 kwa miaka yake yote. Kila nyuzi kama 10 juu ya hapo zinakata umri karibu nusu. Choki iliyowekwa ndani ya boksi lililofungwa, chini ya bati la Dodoma, ikiwa imevikwa blanketi la vumbi la Septemba, haihitaji kosa jingine ili iungue. Ifungwe kwenye chuma kinachopitisha joto, iachiwe nafasi pande zote, na ipigwe upepo kabla ya masika. Mvua za kwanza zinaleta kumbikumbi, nao wanaipenda mno taa ya zebaki kwa sababu ya mionzi yake. Mabawa yao yanajaa kwenye kioo na kwenye matundu ya hewa.

Ukifunga

Zima kwenye breka, hakikisha kwa tesita, kisha gusisha miguu ya kapasita kwa rezista au globu ya zamani ya nyuzi ili chaji iishe. Usitumie bisibisi. Waya wa moto unaingia kwenye choki, unatoka kwenda kigusio cha katikati cha holda. Nyutro inakwenda kwenye nyuzi za pembeni za holda, ili anayekaza globu asishike moto. Kapasita ikae kati ya moto na nyutro upande wa kuingilia. Arthi ifungwe kwenye mwili wa choki na wa taa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa taa moja ya hadi wati 400, ila kipande kinachoingia kwenye holda ndani ya taa iliyofungwa kiwe cha silikoni, maana PVC inakauka na kumenyeka pale.

Washa, subiri dakika 10, kisha bana klampu mita kwenye waya ulio kati ya choki na holda. Usiibane kwenye waya wa laini, kwa kuwa huko kapasita inakudanganya. Linganisha na namba za juu. Ukiwa ndani ya asilimia 10, taa iko sawa. Ikizidi hapo, zima na utafute sababu kabla hujashuka.

Ganda la nje likivunjika na mrija wa ndani ukabaki mzima, taa itaendelea kuwaka, na mwanga utaonekana mkali na mweupe. Zima mara moja. Lile ganda ndilo lililokuwa linazuia mionzi ya urujuanimno, na bila hilo macho yanaanza kuuma kama ya mchomeleaji asiye na miwani, na ngozi inaungua. Vipande vya mrija uliovunjika viokotwe kwa glavu, viwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, milango iachwe wazi. Usifagie kwa ufagio mkavu.

Globu hizi hazitaendelea kupatikana. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania ni mwanachama, unazuia kutengeneza, kuingiza na kuuza nje taa za mvuke wa zebaki za mwanga wa kawaida baada ya 2020. Kilichobaki madukani ni akiba ya zamani. Kwa hiyo choki na globu vikifa kwa pamoja, ushauri wangu ni kwenda LED. Globu ya zebaki ya 125 inatoa takribani lumeni 6,200, na LED nzuri ya wati 50 hadi 60 inazifikia.

LED ya kukaza kwenye E27 au E40 ile ile inataka volti 230 za moja kwa moja, kwa hiyo choki na kapasita vitolewe kwenye njia: unga waya wa moto moja kwa moja kwenda kigusio cha katikati. Ukishafanya hivyo, andika kwa maka pena ndani ya kifuniko cha taa na pembeni ya holda: HAKUNA CHOKI, LED TU. Holda haijabadilika sura, na siku moja mtu mwingine atapanda na globu ya zebaki mkononi.